Tuipimie Hoki ya Barafuni kwa Vipimo vya Walikale

Walikale na rekodi wanajuana zamani. Eneo hili la Kivu Kaskazini, Kongo, ni kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya jirani yake Masisi, na Rwanda nzima inaizidi kidogo tu. Kule Bisie kuna mgodi wa bati wenye mawe yaliyojaa madini kuliko mgodi wowote wa bati duniani. Kiwanja cha hoki cha ligi ya NHL, Amerika Kaskazini, kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Walikale ingemeza viwanja vya namna hiyo zaidi ya milioni 14! Kwa hiyo wakazi wa huku wana haki ya kukaa jukwaani na kuwapima wababe wa barafu. Tunahesabu kushuka, kutoka nane hadi moja.

8. Barafu ya karibu kuliko zote

Kivu Kaskazini ina barafu yake. Iko Rwenzori, upande wa Beni, mpakani na Uganda, chini ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mwaka 1906 barafu ya milima ile ilikadiriwa kufikia kilomita za mraba 7 hivi. Leo haifiki hata 1. Hii ni rekodi inayouma.

Anayetaka kuona magongo yakigongana juu ya barafu tambarare aende Nairobi, hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Hapo ndipo Ice Lions wa Kenya walipojifunzia, wakicheza wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa wapinzani. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, washambuliaji wakubwa wa zama hizi, wakavaa jezi yao na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

7. Shuti kali

Kinachopigwa si mpira wa duara. Ni puki, kisahani cheusi cha raba chenye gramu zisizozidi 170, nacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mwaka 2012 Zdeno Chara, beki wa mita 2.06, alikipiga kwa kasi ya kilomita 175.1 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya Goma hadi Sake, kama kilomita 25, ingekwisha kabla ya dakika 9. Mshambuliaji anayesimama mbele ya goli kumziba kipa macho ndiye anayekipokea mgongoni.

6. Umati mkubwa

Januari 1, 2014, timu za NHL za Toronto na Detroit zilicheza nje, kwenye theluji, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan. Watazamaji waliotangazwa: 105,491. Jaza Stade des Martyrs ya Kinshasa, viti vyake 80,000 vyote, na bado watu zaidi ya 25,000 wamebaki nje ya geti.

5. Kombe zito

Kombe la Stanley, la bingwa wa NHL, lina uzito wa kilo 15.6. Bidoni la maji la lita 20, ambalo msichana wa Masisi hulipandisha kilima kila asubuhi, linalizidi. Lakini kombe hili hubebwa na wachache, na mmoja wao ni damu ya Afrika Mashariki: Johnny Oduya, beki wa Sweden ambaye baba yake ni Mkenya. Alilinyanyua mara mbili na Chicago, 2013 na 2015.

4. Adhabu ndefu

Tiger Williams, winga wa kushoto, alitumikia dakika 3,971 za adhabu katika misimu 14. Hizo ni mechi 44 za soka, mwanzo hadi kipenga cha mwisho, ukiwa umefungiwa kizimbani unawatazama wenzako. Hakuna aliyemfikia.

3. Miguu iliyodumu

Gordie Howe alianza NHL mwaka 1946, Masisi ikiwa chini ya Wabelgiji. Uhuru ukaja 1960, nchi ikabadilishwa jina kuwa Zaire 1971, na mwaka 1980 mshambuliaji yule yule alikuwa bado uwanjani, ana miaka 52, timu moja na wanawe!

2. Mabao

Aprili 6, 2025, Alexander Ovechkin alifunga bao lake la 895 la NHL na kuivunja rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894. Hata hivyo Gretzky simshushi. Ana pointi 2,857. Mfutie mabao yote, mwachie pasi zake 1,963 tu, na bado hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kupata pointi nyingi hivyo kwa mabao na pasi pamoja.

1. Kiti cha mwisho

Hapa naweka jina ambalo vitabu vya rekodi havilipi ukurasa: Bokondji Imama, winga wa kushoto, mzaliwa wa Montreal, 1996, mwenye asili ya Kongo.

Mwaka 2015 klabu za NHL ziliteua vijana 211. Wa kwanza alikuwa Connor McDavid. Imama alikuwa wa 180. Wapakie wote waliomtangulia kwenye mabasi matatu ya abiria 60, na kinabaki kiti kimoja tu. Hicho ndicho alichokalia.

Msimu wa 2016–17 akafunga mabao 41 na kuwa bingwa wa ligi ya vijana ya Quebec akiwa na klabu ya Saint John. Kisha zikaja ligi za chini, California na Arizona, na matusi ya rangi. Januari 2020 mpinzani aliyemtusi alifungiwa mechi 5. Januari 2022 mwingine alimwigizia nyani akafungiwa mechi 30, idadi ya msimu mzima wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kutoka 5 hadi 30, mara sita ndani ya miaka miwili! Katika orodha hii yote, hakuna namba iliyonifurahisha kama hiyo.

Na Aprili 2022, karibu miaka saba baada ya kuteuliwa, Imama aliingia NHL na Arizona Coyotes, na mwezi huo huo akafunga bao lake la kwanza.