Mkono, Jicho na Sikio: Jinsi Daktari Afunzwavyo Kando ya Mgonjwa

Barabara itokayo Karatu kwenda Ngorongoro hupanda katikati ya msitu hadi kwenye ukingo wa kasoko, yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya ukingo huo wanaishi wafugaji ambao, mtoto augupo, aghalabu hulazimika kwenda mwendo mrefu ili kufika penye mganga. Mtoto mwenye kikohozi na homa afikapo, mganga hana budi kuamua upesi: je, ni mafua yatakayopona nyumbani, au ni nimonia iwezayo kumwua kabla ya kesho kutwa? Pasipokuwa na mashine ya eksirei, mganga hutegemea macho, mikono na masikio yake. Yafaa basi kueleza jinsi viungo hivyo vinavyofunzwa kazi.

Kuhesabu pumzi

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni fupi. Mtoto mwenye kikohozi aliye na umri wa miezi 2 hadi 11 hushukiwa kuwa na nimonia apumuapo mara 50 au zaidi kwa dakika. Aliye na umri wa mwaka 1 hadi 5, apumuapo mara 40 au zaidi. Mwanafunzi huweza kuikariri kanuni hiyo kwa dakika chache, lakini kuitumia ni kazi nyingine. Mtoto aliaye hupumua haraka hata kama ni mzima. Aliyefunikwa shuka kifua chake hakionekani. Tena mwanafunzi mwenye haraka huhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, hivyo kosa la pumzi moja huwa kosa la pumzi nne. Mwalimu aliye kando yake humwelekeza angoje mtoto atulie kifuani pa mama, afunue nguo, ahesabu dakika nzima, kisha atazame kama sehemu ya chini ya kifua hubonyea mtoto avutapo pumzi.

Mahali penyewe pia pana somo. Katika kimo cha mita 2,300, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ile ya pwani. Kifaa cha kupimia oksijeni katika damu huonyesha kiasi kidogo zaidi hata kwa mtu mzima wa afya. Daktari kijana atokaye Dar es Salaam asipojua hali ya kawaida ya milimani, huweza kuyasoma vibaya anayoyaona.

Kugonga na kusikiliza

Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna nchini Austria, alichapisha kitabu kidogo juu ya kugonga kifua kwa vidole. Msingi wake waeleweka na kila agongaye debe ili kujua maji yamefika wapi: palipo na hewa pana mvumo, palipo na maji pana sauti nzito. Mwaka 1816 René Laennec wa Ufaransa alikunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa; huo ukawa mwanzo wa stetoskopu. Hata hivyo, maneno "sauti nzito" yaliyoandikwa kitabuni hayana sauti. Sikio hujifunza pale mwalimu na mwanafunzi wanapogonga mahali pamoja, upande wa kulia na wa kushoto, na kulinganisha walichosikia.

Kuuliza

Kuuliza maswali nako ni ufundi. Mfano mzuri ni kifafa. Mgonjwa afikapo kwa mganga, kifafa chenyewe kwa kawaida kimekwisha kupita. Ushahidi umo katika maelezo ya aliyekiona. Je, kilianza kwa mkono mmoja au kwa mwili wote? Macho yalikuwa wazi? Mtoto alianguka, au aliduwaa kitambo kisha akaendelea na mchezo? Majibu hayo ndiyo yanayoongoza uchaguzi wa dawa. Karbamazepini, dawa ifaayo kwa aina fulani za kifafa, huweza kuzidisha kile cha kuduwaa. Na kifafa kisichotibiwa vema huweza kumwangusha mtoto katika moto wa jikoni.

Katika hospitali ya FAME mjini Karatu, ambayo kliniki yake ilifunguliwa mwaka 2008 na wodi zake mwaka 2012, wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wamekuwa wakija kufanya kazi bega kwa bega na waganga wa Kitanzania. Mafunzo hayo huenda pande zote mbili. Mgeni huleta ujuzi wa kuchunguza mishipa ya fahamu; mwenyeji huleta lugha, na maarifa ya maisha ya Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wamaasai. Mwenyeji ndiye ajuaye kumwuliza mfugaji mwenye homa ya muda mrefu kama amekunywa maziwa mabichi au amezalisha ng'ombe, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Endulen, Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2020, ulithibitisha ugonjwa wa brusela miongoni mwa wagonjwa wa homa.

Hatua za mafunzo

Tangu Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1963, mafunzo ya wodini yamekuwa sehemu ya elimu ya daktari nchini. Amalizapo masomo, huwa daktari mtarajali kwa mwaka mmoja kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Utaratibu ni kutazama, kisha kutenda chini ya uangalizi, ndipo kutenda peke yake. Hatua ya pili ndiyo imlindayo mgonjwa, kwani kosa la mwanafunzi hurekebishwa kabla halijamfikia. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa kwamba anayemshika ni mwanafunzi, na ya kukataa.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja ahesabu pumzi za mwenzake aliyetulia, kwanza kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kisha kwa dakika nzima. Arudie bila mwenzake kujua kwamba anahesabiwa. Majibu yalinganishwe, na darasa lijadili kwa nini yanatofautiana.