Mgeni Anayemhukumu Mwenyeji

Gari la majaribio hufikishwa mlangoni likiwa limeoshwa, tangi limejaa, na karatasi inayoonyesha kila mkwaruzo uliokuwapo kabla. Mwenye gari ni kampuni iliyolitengeneza. Mjaribu, yaani mwandishi wa magari, hutia sahihi, hukabidhiwa ufunguo, na kwa wiki nzima hulitumia kama lake: atalipeleka sokoni, atalifungia kiti cha mtoto, atakwama nalo kwenye foleni asubuhi, na usiku barabara ikiwa tupu atalikimbiza kidogo. Wiki ikiisha, gari huchukuliwa na jingine huletwa.

Watu hudhani hii ni starehe tupu. Starehe imo, sikatai. Ila ukiwatazama waandishi wa magari wa Ulaya na Marekani kama jamii yenye mila na miiko yake, utaona kwamba desturi zao nyingi zinazunguka tatizo moja: utakulaje kwa mtu, ulale kwake, uendeshe gari lake, kisha utangaze mbele za watu kwamba gari lenyewe halifai? Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni huyu ni kalamu, na shamba analolima ni ua wa mwenyeji wake.

Ukoo wao ni wa zamani. Jarida la The Autocar lilianza Uingereza mwaka 1895, wakati magari yenyewe barabarani yalikuwa ya kuhesabika, na mwaka 1928 likachapisha jaribio kamili la barabarani la gari dogo la Austin 7, jaribio ambalo jarida hilo hujivunia kuwa la kwanza la aina yake. Marekani, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Tom McCahill wa jarida la Mechanix Illustrated aliwazoesha wasomaji kuuliza gari linachukua sekunde ngapi kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 97. Mpaka leo hakuna anayethubutu kuandika habari ya gari bila tarakimu hiyo, hata kama gari lenyewe ni la kupeleka watoto shule.

Sherehe yao kubwa ni uzinduzi. Gari jipya likiwa tayari, kampuni huwaalika waandishi kutoka nchi mbalimbali, huwakatia tiketi za ndege na kuwaweka hotelini. Msimu wa baridi mara nyingi huwa kusini mwa Hispania au Ureno, ambako barabara ni kavu na kona za milimani ni nyingi. Wageni hupangwa wawiliwawili. Mmoja huendesha hadi mahali pa kunywa kahawa, hapo hubadilishana. Adabu za safari hiyo hazijaandikwa popote, lakini kila mtu anazijua: usimtishe mwenzako kwa kuonyesha ubingwa, usijipe kona zote tamu ukamwachia yeye barabara kuu, na ukikwaruza rimu kwenye ukingo wa barabara, nenda ukaseme mwenyewe, maana mwenzako hatakusemea. Usiku mezani, chipukizi hukaa karibu na maofisa wa uhusiano. Wazoefu humtafuta mhandisi wa springi na shokapu, wakampa nafasi ya kula kwanza, kisha wakaanza kumchokonoa polepole ajue au asijue: nini kilikuwamo kwenye mchoro kikaondolewa na wahasibu?

Mwiko mkubwa kuliko yote ni wa saa. Kabla ya safari kila mwalikwa hukubali kutotoa maoni yake hadi siku na saa iliyopangwa. Ndiyo maana hukumu za gari moja hutoka zote kwa pamoja, kama maji ya bomba lililofunguliwa. Anayevunja mwiko huo hafukuzwi kazi. Mwaliko unaofuata haufiki tu.

Basi wengi wakisikia haya husema waandishi hawa wamenunuliwa kwa chakula. Mimi sioni hivyo. Sahani ya samaki na kitanda kizuri havimhongi mtu mzima aliyeizoea kazi yake. Kinachohonga ni barabara. Mwenyeji ndiye anayechagua njia, na atachagua ile inayolifanya gari lake lipendeze. Yeye ndiye anayechagua tairi, ukubwa wa injini, siti za ngozi, na vikorombwezo vyote ambavyo mnunuzi wa kawaida atavikosa. Mwandishi anaweza kuwa mkweli toka neno la kwanza hadi la mwisho, na bado akawa amelisifu gari ambalo wewe hutauziwa.

Kwa hiyo wajaribu wanaojiheshimu wana mazoea yao ya kulikagua gari. Hurekebisha siti ya dereva kwa urefu wao wenyewe, kisha hushuka na kwenda kukaa nyuma ya siti ileile kuona kama magoti yanapata nafasi. Hugonga plastiki kwa kifundo cha kidole, si juu ya dashibodi panapoonekana, bali chini mlangoni, kampuni zinapopenda kuficha vitu rahisi. Hupakia sanduku la safari kwenye buti. Wakipima kasi kwa kifaa cha satelaiti hupima mara mbili, kwenda na kurudi, wakachukua wastani ili upepo usiwadanganye.

Sehemu ya kazi inayokula muda bila msomaji kuijua ni picha. Alfajiri, jua likiwa bado chini, mpigapicha hulala ndani ya buti la gari la mbele, mlango wa nyuma ukiwa wazi, amejifunga mkanda, akitoa ishara kwa mkono: sogea, zaidi, hapohapo. Mjaribu humfuata kwa karibu, macho mbele, uso mkavu. Kona ikiisha wanageuza, wanarudi kuirudia, na tena. Kati ya raundi mtu hushuka na kitambaa kilicholoweshwa kufuta wadudu waliogonga bampa. Ile picha ya gari linalopaa kama mwewe huwa imepigwa magari yote mawili yakienda mwendo wa pole.

Mwenyeji naye hukasirika. Mwaka 2004 Dan Neil wa gazeti la Los Angeles Times alipata tuzo ya Pulitzer kwa uhakiki wake wa magari. Mwaka uliofuata aliichambua Pontiac G6 ya General Motors na kuwagusa wakuu wa kampuni hiyo wenyewe. Kampuni ikaondoa matangazo yake gazetini, ikayarudisha baada ya miezi kadhaa. Asante ya punda ni mateke, bila shaka walisema hivyo kwa Kiingereza chao.

Waliopata dawa ni wale wasiosubiri kuchaguliwa barabara. Jarida la Teknikens Värld la Sweden lina jaribio lake la kukwepa ghafla kitu kilichojitokeza mbele, kwa sababu huko mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu huweza kukurukia usiku. Mwaka 1997 Mercedes-Benz A-Class, gari jipya kabisa, ilipinduka katika jaribio hilo. Kampuni ililazimika kusimamisha uuzaji kwa muda na kuyafungia magari yote mfumo wa kuyazuia yasiteleze. Nako Marekani, Consumer Reports, iliyoanza mwaka 1936, hununua magari yake dukani bila kujitambulisha na kuyapima kwenye uwanja wake wenyewe huko Connecticut. Nawaheshimu sana, ingawa maandishi yao yana ladha ya risiti.

Sisi wa huku tunazisoma hukumu hizi kwa namna ya peke yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, na mengi yanayoshushwa Mombasa yametumika Japani yakakaribia umri huo. Mwandishi wa Tokyo alilisifu likiwa na harufu ya kiwandani. Swali la mnunuzi wa Nakuru ni gia itakavyokuwa mwaka wa kumi, na shokapu zitaishi vipi kwenye matuta. Hapo anayejibu ni fundi wa gereji, na yeye hajawahi kualikwa Hispania.

Kuna desturi moja ambayo wajaribu wa nchi zote wanaijua. Arusini, msibani, kwa daktari wa meno, mtu atamvuta mjaribu pembeni amuulize: ninunue gari gani? Mjaribu atauliza bajeti, idadi ya watoto, umbali wa kwenda kazini, na atataja gari moja kwa dhati ya moyo. Mwulizaji atashukuru sana. Mwezi ukiisha atapiga simu kwa furaha kusema amenunua jingine, lilikuwa na rangi nzuri.