Unapanda Aberdare, mkimbiaji anashuka: nani ampishe mwenzake?

Wasee wa kupanda milima, kama mnatokea Othaya kuingia msitu wa Aberdare wikendi hii, skizeni. Hii ni Nyeri, kaunti iliyozaa Catherine Ndereba, mshindi wa Boston Marathon mara 4, so usishangae kupatana na mtu akishuka mbio. Kwa mteremko wenye matope, hawezi kufunga breki ghafla. Mpishe wewe. Simama upande wa mlima, si wa bonde, usije ukateleza. Tembeeni laini moja na mtoe muziki masikioni. Nawe mkimbiaji, ita mapema na upunguze spidi. Manze, ukivunjika mguu huko ndani, nduthi haifiki. Ni mabega ya mabeshte yatakutoa.