Fremu ya wingu: kodi ilipopanda, wapangaji walishindwa kuhama

MFANYABIASHARA aliyewahi kupanga fremu sokoni anaujua mchezo huu. Mwaka wa kwanza kodi ni nafuu na mwenye jengo ni mpole. Mpangaji anatengeneza rafu, anapaka rangi, anaandika jina ukutani. Wateja wakishapazoea mahali hapo, kodi inapanda. Kuhama ni hasara, kubaki nako ni hasara.

Mchezo huo huo upo katika biashara ya kompyuta, ingawa huko fremu haionekani kwa macho. Vyama vya ushirika, wauza pembejeo na wanunuzi wa mazao siku hizi wanatumia programu za kupokea mzigo, kutunza hesabu za wanachama na kutuma bei kwa ujumbe wa simu. Nyingi ya programu hizo hazikai kwenye kompyuta ya ofisini. Zimepangishwa katika mitambo ya makampuni makubwa ya nje, utaratibu unaojulikana kama huduma za wingu. Kodi yake inatoka kwenye makato ya chama, yaani mfukoni mwa mkulima, hivyo si vibaya naye akajua analipia nini.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Google App Engine, huduma iliyotangazwa Aprili 2008 na kufunguliwa kwa majaribio kwa waandishi wa programu 10,000 wa kwanza. Ahadi yake ilivutia. Mtaalamu aandike programu yake tu, na mengine yote, kuanzia mashine, umeme na ulinzi hadi kuongeza nguvu watumiaji wanapozidi, yawe kazi ya Google. Juu ya hayo, ilikuwa bure hadi megabaiti 500 za kuhifadhi taarifa na takriban kurasa milioni tano kufunguliwa kwa mwezi.

Kiuchumi, wazo hilo linamfaa mkulima. Chukua mfano wa chama cha maziwa chenye wanachama 400 wanaopeleka maziwa asubuhi na jioni. Kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi foleni ni ndefu na mashine haipumui. Baada ya hapo kimya hadi jioni. Chama kikinunua mashine yake, mtaji unalala sehemu kubwa ya siku, na bado kuna jenereta na fundi wa kulipa. Kulipia kile kilichotumika tu ni nafuu zaidi.

Tatizo lilikuwa kwenye masharti ya mwenye jengo. Mwanzoni programu ilipaswa kuandikwa kwa lugha moja tu ya kompyuta, Python, na lugha ya Java iliongezwa Aprili 2009. Programu haikuruhusiwa kuandika faili kwenye diski ya mashine. Kila ombi la mtumiaji lilipaswa kumalizika ndani ya sekunde 30, la sivyo linakatwa. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2010, ukiomba kumbukumbu kutoka ghala la taarifa hukupewa zaidi ya 1,000 kwa mara moja.

Kwa chama chetu cha mfano, wanachama 400 wakileta maziwa mara mbili kwa siku kwa siku 30, hizo ni kumbukumbu 24,000 za kujumlisha mwisho wa mwezi ili watu walipwe. Maghala ya kawaida ya taarifa hufanya hivyo kwa amri moja. Ghala la App Engine halikuwa la aina hiyo, kwani halikuweza kuoanisha orodha mbili, kwa mfano ya wanachama na ya lita, wala kujumlisha lenyewe. Mwandishi wa programu alilazimika kuikata kazi vipande vipande au kutunza jumla pembeni kila lita zinapoingia. Inawezekana, lakini ni muda wa mtaalamu, na mtaalamu hutoza. Wateja waliomba ghala la kawaida kwa muda mrefu, na Google ikalitangaza Oktoba 2011, miaka mitatu na nusu baada ya kufungua milango.

Hata umeme, kero tuliyodhani ni yetu peke yetu, uliwahi kuiangusha huduma hiyo. Februari 24, 2010 umeme ulikatika katika kituo chake kikuu, na takriban robo ya mashine zilizima kabla ya umeme wa akiba kuzifikia. Huduma ilivurugika kwa zaidi ya saa mbili. Kwa haki, Google ilitoa taarifa ya wazi na kukiri kwamba maelekezo waliyokuwa nayo wafanyakazi wa zamu kuhusu kuhamia kituo cha pili yalikuwa yamepitwa na wakati. Si kampuni nyingi zinazokubali kosa namna hiyo.

Kisha ikaja kodi. Mei 2011 Google ilitangaza kwamba muda wa majaribio unakwisha na bei zitabadilika. Wateja hawakuelewa uzito wake hadi Septemba, walipoonyeshwa ankara ya zamani na ile mpya kwa kulinganisha. Kelele zikawa kubwa. Tarehe ikasogezwa hadi Novemba na likatolewa punguzo la muda, lakini utaratibu wenyewe haukubadilika.

Ili kuuelewa, mfikirie kuli wa sokoni. Awali alilipwa kwa gunia alilobeba: senti 10 za dola kwa kila saa ambayo mashine ilikuwa inafanya kazi kweli. Sasa akawa analipwa kwa saa alizosimama getini, awe na mzigo au hana, senti 8 kwa saa baada ya saa 28 za bure kwa siku. Akimaliza kazi, anahesabiwa robo saa zaidi kabla ya kuondoka. Baya zaidi, programu zilizoandikwa kwa toleo la Python la wakati huo zilimtumia kuli asiyeweza kubeba zaidi ya gunia moja kwa wakati, hivyo foleni ikiongezeka kidogo tu, anaitwa wa pili na wa tatu.

Makuli wawili wakisimama kutwa nzima ni saa 48. Toa 28 za bure, zinabaki 20, sawa na dola 1.60 kwa siku, au dola 48 kwa mwezi. Kama kazi halisi ilikuwa saa mbili tu kwa siku, kwa utaratibu wa zamani isingezidi senti 20.

Google haikuiba. Mashine iliyosimama inakula kumbukumbu, na mtu lazima ailipie. Kosa lilikuwa kwamba kwa miaka mitatu watu walijenga programu zao ili kubana kazi halisi, kisha wakapewa miezi michache kuzigeuza zibane muda wa kusimama. Na kwa kuwa ghala la taarifa lilikuwa la aina yake, kuhamia kwingine kulimaanisha kuandika upya sehemu kubwa ya programu. Ulikuwepo mradi uitwao AppScale, ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, uliowezesha programu hizo kuendeshwa kwenye mashine nyingine, lakini mtumiaji alirudi pale pale pa kutafuta mashine na fundi.

Mengi yamerekebishwa tangu wakati huo. Lugha zimeongezeka, na maghala ya kawaida yapo. Hata hivyo, yapo yanayomgusa moja kwa moja mtumiaji mdogo ambayo hayajakaa sawa. Kikomo cha matumizi kwa siku, kilichomwezesha mtu kusema ikifika dola fulani zima, kiliondolewa. Kilichobaki ni bajeti inayotuma tahadhari tu huku ankara ikiendelea kupanda. Kwa watu waliozoea vocha, ambapo salio likiisha simu haipigi, hilo ni jambo la ajabu na la hatari. Bei hupangwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka kodi inapanda bila mtu kutangaza. Eneo la dunia unakoiweka programu likishachaguliwa halibadilishwi. Na Januari 2024 Google ilisitisha msaada kwa Python 2.7, hivyo waliojenga zamani wakatakiwa kuandika upya kwa mara nyingine.

Umbali nao una gharama yake. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Programu iliyo ng'ambo inaweza kuwa nzima kabisa huku karani wa chama akishindwa kuifikia.

Kwa hiyo, kabla chama hakijatia saini na mwandishi wa programu, yapo ya kudai yaandikwe kwenye mkataba. Karani aweze kupokea mzigo mtandao ukikatika, na taarifa ziende zenyewe ukirudi. Kila mwezi chama kikabidhiwe nakala ya taarifa zote katika jedwali linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, na mtu wa chama aifungue mbele ya mwandishi huyo, ahesabu wanachama, alinganishe lita na daftari. Akaunti ya malipo na jina la tovuti visajiliwe kwa jina la chama, si la kijana aliyeandika programu, maana akipata kazi mjini ufunguo wa fremu anaondoka nao.