Safari ndefu na watoto: funga matobolwa, usimnyime maji

Ukipanda basi alfajiri Geita au Kahama kwenda Dar es Salaam, siku nzima inaishia barabarani. Wengi wetu hufunga wali na nyama kwenye hotpoti. Asubuhi vinalika vizuri. Vikishapoa, joto la ndani ya basi pamoja na majimaji ya chakula hufanya bakteria kuzaliana haraka. Mchana mtoto analalamika tumbo, na Dodoma hamjafika.

Wasukuma tuna matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke. Maji yametoka, ndiyo maana havichachi. Ongeza karanga na ndizi. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda, na yaliwe mapema.

Kosa baya zaidi, nami nimelifanya, ni kumnyima mtoto maji ili asiombe kuchimba dawa. Mpe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo. Akianza kuharisha, soda usimpe, sukari yake nyingi huzidisha tatizo. Kama huna ORS, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe hadi mfike kituo cha afya.