Kifafa cha Mimba: Baba Naye Ana Sehemu Yake

Yaweza kumtokea askari aliye zamu mbali na nyumbani: apate habari ya ghafula kwamba mkewe, ambaye alimwacha mzima na mimba ya miezi saba, ameanguka, anatetemeka na hana fahamu. Afikapo nyumbani hukuta maneno mengi kuliko msaada. Wako wasemao mama amerogwa. Wako wanaomlaumu kwa chakula alichokula. Tena wako wanaonong'ona kwamba alitoka nje ya ndoa. Maneno hayo yote ni ya bure, nayo hula muda ambao ungemwokoa mgonjwa.

Ugonjwa huo ni kifafa cha mimba, na si sawa na kifafa cha kawaida. Kwa kawaida huanza kimya baada ya wiki ya 20: presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Hali hiyo isipotibiwa, mama aweza kupatwa na degedege, kiharusi, au kuharibika kwa figo na ini. Naye mtoto hukosa chakula na hewa tumboni.

Chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Kondo ni kama mche utafutao maji: hauna budi kupenyeza mizizi katika ukuta wa tumbo la uzazi ili mishipa ya damu ya mama ipanuke. Mwili hutoa vichocheo maalumu vya kuotesha na kutunza mishipa hiyo. Kondo lisiposhika vema hukosa damu ya kutosha, nalo humwaga kwa wingi protini iitwayo sFlt-1, ambayo huvinasa vichocheo hivyo kabla havijafanya kazi. Hapo mishipa ya mama hukaza, presha hupanda, na figo huvuja. Mwaka 2003 wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba panya wenye mimba waliozidishiwa protini hiyo walipatwa na presha na dalili za figo kama za mama mgonjwa.

Lakini kwa nini kondo la mama mmoja hushika na la mwenzake halishiki? Sehemu ya jibu imo katika chembe za urithi. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanywa kwa watoto zaidi ya 4,000 waliozaliwa kwa mimba za namna hiyo ulionyesha kwamba tofauti ndogo karibu na chembe ya FLT1, iliyo asili ya protini tuliyoitaja, huongeza hatari. Tofauti hiyo ilionekana katika urithi wa mtoto. Na mtoto, pamoja na kondo lake, hupata nusu ya urithi kwa mama na nusu kwa baba.

Nchini Uganda, Daktari Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliwachunguza akina mama wa Hospitali ya Mulago. Mwaka 2015 walitangaza kwamba hatari hutegemea jinsi urithi wa mama unavyopatana na ule wa mtoto, na kwamba kuna urithi wa Kiafrika, usioonekana kwa Wazungu, ambao humkinga mama.

Basi asilaumiwe mama, wala baba naye asilaumiwe, kwani hakuna achaguaye urithi wake. Tena tofauti moja huongeza hatari kidogo tu, si hukumu.

Linalowezekana ni kuwahi. Mama aende kliniki mapema, apimwe presha na mkojo kila mara. Aseme wazi ikiwa hiyo ni mimba ya kwanza au ya mapacha, ikiwa ana kisukari, presha au ugonjwa wa figo, au ikiwa yeye, mama yake au dada yake amepata kupatwa na ugonjwa huo. Daktari aweza kumwagiza aspirini kidogo kila siku kabla ya wiki ya 20; asiimeze kwa shauri la jirani. Penye hatari ya degedege, sindano ya magnesi husaidia sana: majaribio ya nchi 33, yaliyotangazwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe huisha kwa kuzaa, na hatari yaweza kuendelea hadi wiki sita baadaye.

Kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula: mojawapo ya hayo likitokea, mama apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Baba anayekwenda zamu aache nyumbani fedha za safari, amjulishe jirani mwenye gari, na kadi ya kliniki iwekwe mahali panapojulikana. Mtoto ni wa wawili; ulinzi wake nao ni wa wawili.