Nani alipe safari ya timu? Kindu na viongozi walioijenga besiboli ya Marekani

KINDU – Mwezi Novemba 2024, AS Maniema Union ilienda Pretoria, Afrika Kusini, ikatoka sare ya 0-0 na Mamelodi Sundowns. Ilikuwa mechi ya kwanza ya klabu hiyo ya Kindu katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, kundi moja na Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Kwa klabu iliyoanzishwa mwaka 2005, na katika jimbo ambalo wengi hulisikia tu wakati wa habari za barabara mbovu, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini mechi za nyumbani hazikuchezwa nyumbani. Wageni walipokelewa Kinshasa, kwenye uwanja wa Martyrs, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kindu. Mkaaji wa Kasuku au Mikelenge aliyetaka kuona timu yake ikicheza "nyumbani" ilibidi atafute tiketi ya ndege. Treni ya SNCC inashuka kusini kuelekea Kabalo na Katanga, siyo Kinshasa. Mto Lualaba unapitika kwa meli hadi Ubundu, na pale maporomoko yanafunga njia. Hata ndani ya mji wenyewe, mkaaji wa Alunguli huvuka mto kwanza ndipo afike upande wa pili.

Kila mwaka watu wanajadili kocha, mshambuliaji na mwamuzi. Swali la nani anasaini hundi ya ndege halijadiliwi sana, na ni hilo linaloamua kama msimu utaisha. Msimu wa Linafoot wa 2022-2023 haukumalizika, na nchi ikabaki bila bingwa. Tangu hapo ligi inachezwa kwa makundi mawili kabla ya duru ya mwisho, na sababu moja kubwa ni gharama ya kuzunguka nchi yenye ukubwa huu.

Kuna mchezo mwingine uliopita katika matatizo haya yote karibu miaka 150 iliyopita, tena katika nchi kubwa: besiboli, ule mchezo wa Marekani wa kurusha mpira mdogo mgumu, kuupiga kwa gongo na kukimbia vituo vinne. Kindu hauchezwi, lakini namna viongozi wake walivyougeuza kuwa kazi ya mshahara inawahusu sana watu wa Kindu. Leo ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Haikuanza hivyo.

Hulbert na timu zilizokataa kusafiri

Kati ya 1871 na 1875, ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa ilikuwa mlango wazi: timu yoyote iliyotoa dola 10 iliingia. Nyingi zilianza msimu kwa kelele, zikaishiwa pesa katikati, zikakaa nyumbani. Ratiba ilikuwa karatasi tu.

William Hulbert, mfanyabiashara wa makaa ya mawe mjini Chicago, alichoka. Tarehe 2 Februari 1876 aliwakusanya wenye timu katika hoteli moja mjini New York, na ligi mpya ya klabu 8, National League, ikazaliwa. Ili wakubwa wa mashariki wasiogope mtu wa Chicago, uraisi ulipewa Morgan Bulkeley wa Hartford. Kazi aliifanya Hulbert.

Mwisho wa msimu huo wa kwanza, Mutuals ya New York na Athletics ya Philadelphia zilipiga hesabu: safari ya treni kwenda magharibi ingegharimu kuliko makuta ya mlangoni. Zikakataa kwenda. Hizi zilikuwa timu za miji miwili mikubwa kuliko yote nchini. Hulbert akazifukuza, na mwaka 1877 ligi ikachezwa na klabu sita bila New York wala Philadelphia.

Ukitaka kupima uzito wa uamuzi huo, fikiria Linafoot ikifukuza klabu mbili kubwa za Kinshasa kwa sababu zilikataa kupanda ndege kuja Kindu. Mwaka huohuo wa 1877 wachezaji wanne wa Louisville walishikwa wakiuza mechi, na ligi ikawafungia maisha yao yote. Hulbert alifariki mwaka 1882. Bulkeley, aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli mwaka 1937. Hulbert alisubiri hadi 1995. Ndivyo inavyokuwa pia kwetu kwa wale wanaopanga ratiba na kutafuta mafuta ya gari.

Foster, raisi aliyekopesha wapinzani wake

Ligi ya Hulbert ikakua, lakini kabla ya karne ya 19 kuisha ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu. Hata Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyepewa usimamizi wa besiboli yote mwaka 1920 na kusifiwa kwa kuwafungia wachezaji wanane wa Chicago White Sox, alikaa kwenye kiti hadi kifo chake mwaka 1944 bila mchezaji mweusi hata mmoja kuingia katika ligi kuu.

Basi weusi wakajenga yao. Rube Foster, mzaliwa wa Texas, alikuwa mrushaji hodari kabla ya kuwa mwenye klabu ya Chicago American Giants. Mwezi Februari 1920 aliwaita wenzake Kansas City, na wakaanzisha Negro National League. Foster alijua kwamba timu moja tajiri haifanyi ligi. Kama wapinzani wake wangekwama njiani bila nauli, yeye pia asingekuwa na mechi ya kuuza. Alichukua asilimia 5 ya mapato ya milangoni, na timu ilipoishiwa aliikopesha ili ifike uwanjani. Wapinzani walinung'unika kwamba raisi wa ligi ndiye pia mwenye timu kubwa na ndiye anayepanga ratiba. Walikuwa na haki ya kunung'unika.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba kila kitu kilimtegemea mtu mmoja. Mwaka 1926 akili yake iliyumba, akapelekwa hospitali, akafariki mwaka 1930. Mwaka mmoja baadaye ligi ilikuwa imekwisha. Klabu nyingi za Kongo zinaishi kwa namna hiyo: kuna mheshimiwa au tajiri mmoja anayelipa ndege, hoteli na mishahara, na siku akipoteza kiti au hamu, timu inashuka. TP Mazembe yenyewe, pamoja na vikombe vyake vya Afrika vya 2009 na 2010, haijui bado maisha bila Moïse Katumbi, raisi wake tangu 1997. Tofauti ni kwamba Katumbi aliacha vitu vinavyoonekana: uwanja wa Kamalondo na shule ya mpira ya vijana.

Effa Manley adai chake

Jina ambalo kila mtu analijua katika historia hii ni Jackie Robinson, mweusi aliyeingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947 na Dodgers ya Brooklyn. Anayesifiwa pamoja naye ni Branch Rickey, kiongozi wa Dodgers aliyemchagua, na sifa hiyo ni ya haki. Rickey ndiye pia aliyekuwa ametengeneza, akiwa Saint Louis, mtindo wa klabu kubwa kumiliki klabu ndogo za kulea vijana.

Kuna upande ambao hausimuliwi sana. Robinson alitoka Kansas City Monarchs, na Rickey hakuilipa Monarchs hata senti. Hoja yake ilikuwa kwamba ligi za weusi hazikuwa na mikataba ya kueleweka. Kwa Robinson, kweli, hapakuwa na karatasi: walikubaliana kwa mdomo.

Mwanamke mmoja hakukubali. Effa Manley aliendesha Newark Eagles pamoja na mume wake. Mishahara, safari na mikataba vilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1946 Eagles ilikuwa bingwa wa besiboli ya weusi, na mwaka huohuo Dodgers ilimchukua mrushaji wake Don Newcombe bila malipo. Manley alilalamika hadharani, wakati magazeti mengi ya weusi yalimtaka anyamaze asije akaharibu nafasi ya vijana. Mwaka 1947 Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Larry Doby, Manley alidai bei, na Veeck akalipa dola 15,000 kwa jumla. Rickey alipojaribu tena, kwa Monte Irvin, Manley alikataa kumwachia bure. Rickey akarudi nyuma, na mwaka 1949 Giants ya New York ikalipa dola 5,000. Mwaka 2006 Manley akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli.

Dola hizo hazikuokoa klabu yake: mashabiki waliwafuata wachezaji wao ligi kuu, na Eagles ikauzwa mwaka 1948. Lakini tangu Manley, anayechukua mchezaji alijua kwamba ataulizwa bei.

Je, mchezaji mwenyewe?

Si haki kuwahesabu wenye klabu tu. Tangu 1879 mikataba ya besiboli ilianza kuwa na kipengele kilichomfunga mchezaji kwa klabu yake hata baada ya mwaka wake kuisha. Curt Flood, aliyeuzwa na Saint Louis kwenda Philadelphia mwaka 1969 bila kuulizwa, alipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972. Nyuma yake alisimama Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji tangu 1966, mtu wa vyama vya wafanyakazi wa chuma. Mwaka 1968 Miller alipandisha mshahara wa chini kutoka dola 6,000 hadi 10,000, na mwisho wa 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru. Wenye klabu walilia kwamba mchezo utakufa. Haukufa. Katika Linafoot, ambako malalamiko ya mishahara isiyolipwa husikika karibu kila msimu, mtu wa aina ya Miller bado anangojewa.

Uganda imeonja

Jirani zetu wa Uganda wameingia katika mchezo huu moja kwa moja. Mmarekani Richard Stanley, aliyekuwa na hisa katika klabu ya Trenton Thunder, alijenga shule na viwanja vya besiboli Mpigi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda kombe la dunia la watoto Marekani, wakanyimwa visa. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Dodgers, ambayo sasa iko Los Angeles, iliwasainisha vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Hapa mpira wa miguu umepita besiboli. Kijana wa nje akisainiwa na timu ya Marekani, pesa za kusaini ni zake, na klabu au shule iliyomlea haina sheria ya kuishika mkono. FIFA inayo sheria hiyo. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23: robo ya asilimia kwa kila msimu hadi miaka 15, nusu ya asilimia kwa kila msimu baada ya hapo.

Hesabu yake si ngumu. Kijana aliyechezea klabu ndogo ya Kindu misimu sita, kuanzia miaka 12 hadi 17, anaacha nyuma yake asilimia 2. Akiuzwa Ulaya kwa dola milioni moja, hizo ni dola 20,000 kwa klabu ile, hata kama aliondoka kwenda Lubumbashi au Kinshasa miaka mingi kabla. Akiuzwa mara ya pili, klabu inalipwa tena. Kwa timu ya mtaa hizo ni mipira, viatu na tiketi za msimu zaidi ya mmoja.

Tangu Novemba 2022 FIFA inapitisha malipo hayo katika ofisi yake maalumu huko Paris, na ofisi hiyo inaangalia kitu kimoja kwanza: pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizoandikishwa, mwaka kwa mwaka, kama shirikisho la nchi lilivyoziingiza kwenye kompyuta. Misimu ambayo kijana alicheza bila kuandikishwa haihesabiwi. Kuandikisha huko kunafanyika sasa, kijana akiwa na miaka 12, wakati hakuna bado anayejua kama atauzwa, na ni kazi ya katibu wa klabu na ya ofisi za mpira za Kindu kabla faili halijafika FECOFA.